Uso wa Baba Kwenye Picha za Mwani

Wakuu, nimemwona marehemu baba yangu kwenye skrini ya ofisi, mbele ya wafadhili, na chini yake pameandikwa: "Mwani mgonjwa, asilimia 94."

Hakuna jini hapa. Ni mimi na ujinga wangu.

Tuko ofisi ndogo Bagamoyo. Mwenzangu Mardhiya alitengeneza programu ya Python inayotazama picha za mwani na kuwaambia akina mama wanaoulima Mlingotini kama umeugua. Kompyuta ina GPU moja tu, ile kadi inayochakata picha, na kazi zote zinapita humo kwa nyuzi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba. Kila uzi na kazi yake, ndani ya programu moja.

Mardhiya aliweka kufuli na foleni. Uzi mmoja ukishika kadi, mwingine unangoja.

Mimi nikachomeka uzi wangu kimyakimya. Nilikuwa nasafisha picha ya zamani ya baba, iliyoliwa na mchwa. Mama aliitaka kabla ya hitima, kisomo cha kumwombea baba.

Siku ya wafadhili ikafika, hitima ni mchana huohuo, na picha bado iko foleni. Nikaona kufuli linanichelewesha. Nikalikwepa.

Nyuzi mbili, wangu na wa mwani, zikaandika sehemu moja ya kumbukumbu ya kadi kwa wakati mmoja. Ndipo mzee akatokea na kofia yake.

Wafadhili wakacheka. Bosi Martini hakucheka.

"Mardhiya, hiki nini?"

Akanitazama. Mimi nikatazama kibodi.

"Programu ni yangu, bosi. Naomba radhi."

Mkataba wake haukuongezwa. Na mimi nilinyamaza, wakuu, mwezi mzima.

Juzi nikajikaza, nikampigia.

"Mardhiya, ile picha ilikuwa yangu."

"Najua. Huyo babako ni maalimu Sharifu, alinisomesha madrasa. Uzi wako niliuona tangu Jumatatu. Asubuhi ile nilikuweka wa kwanza kwenye foleni, mbele ya picha za wafadhili. Ungengoja dakika nne tu."



"Sasa mbona hukusema?"

"Nilidhani utasema mwenyewe."

Jamani, ukitumia kitu kimoja na mwenzako, ngoja zamu yako. Ukishaharibu, sema siku hiyohiyo, usimwachie mwenzio aibu yako. Mimi naenda kwa bosi Martini kesho asubuhi. Nimeandika hapa ili nisighairi njiani.

Picha ya baba mama ameitundika sebuleni, imetoka safi kabisa. Nikienda pale nakaa kiti kinachoipa mgongo.