Aliyelitaja Bonde la Soksi

Álfrún alichukua maneno ya shangazi yake, Steinvör Bergsdóttir, akayajaza kwenye tasnifu yake ya chuo kikuu, na jina la shangazi hakuliweka popote. Halimo kwenye shukrani, halimo chini ya ukurasa wowote, halimo kwenye orodha ya marejeo. Kosa lenyewe ndilo hilo, na litajwe kabla watu hawajaanza kusema kwamba haya ni mambo ya kifamilia tu.

Steinvör ana miaka hamsini na minne. Shule aliiacha akiwa na kumi na mitano akaenda kiwanda cha samaki, na tangu hapo kusoma kwake ni kwa kufuata mstari kwa kidole. Msimu wa vuli yuko machinjioni, msimu wa baridi anafagia shule ya wilaya, na kila Mei anazalisha kondoo kwenye shamba alilozaliwa, ambalo sasa ni mali ya Hjörleifur. Huyo alihamia kaskazini miaka kumi na moja iliyopita na pesa za nyumba aliyouza Reykjavík. Majina ya vilima na vijito vya shamba lake mwenyewe alifundishwa na Steinvör, wakiwa juu ya farasi, wakikusanya kondoo.

Maana Steinvör anayajua yote. Majina mia mbili na kumi na tatu, toka kizingiti cha nyumba hadi jabali la mpakani. Alipewa na mama yake, Geirlaug, ambaye naye alipewa na mama yake. Kwa watu wa kule mahali pasipo na jina ni kama hapapo, na aliyelitoa jina huandikwa. Kila karatasi ya majina ya shamba humalizika kwa mistari miwili: nani alisimulia, nani aliandika.

Mwaka sabini na saba alikuja mzee mmoja toka ofisi ya majina ya mahali, na mkoba wake na kalamu zake. Steinvör alikuwa na miaka saba, amekaa chini ya meza. Geirlaug alisimama jikoni akikoroga sufuria huku akitaja jina baada ya jina saa tatu nzima, na Bergur, baba, mtu wa kuja toka fiyodi nyingine, ghuba ya mbali, alikaa mezani akivuta kiko na kusema, "Ndiyo hivyo, ndiyo hivyo." Karatasi ilipokuja kwa posta, mwishoni paliandikwa: Msimulizi, Bergur, mwenye nyumba. Geirlaug aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja, akaiweka chini ya droo ya visu, na toka siku ile hakumtajia mgeni hata jina la kijito.

Kwa hiyo Álfrún alipokuja na simu yake ya kurekodia, Septemba kabla ya kuandika tasnifu, Steinvör alimwambia habari hiyo kwanza, hata kahawa haijamiminwa.

"Nitakupa yote, binti. Ila usinifanyie kama walivyomfanyia bibi yako."

"Shangazi! Mimi ni yule mzee wa mkoba?" Álfrún alicheka. "Siku hizi kuna sheria. Nikichukua sentensi moja ya mtu bila kumtaja, chuo kinanitimua kama mbwa aliyeng'ata kondoo."

"Kweli wanatimua?"

"Wanatimua, shangazi. Jina lako litakuwa kila ukurasa hadi ulichoke."

Walitembea siku tatu. Steinvör aliomba ruhusa machinjioni, na siku hizo hazikulipwa. Siku ya tatu, kwenye kijibonde kilicho nyuma ya mlima, upepo ukiwapiga masikio, Steinvör alisimama.

"Hapa ni Bonde la Soksi."

"Halimo kwenye karatasi ya zamani."

"Haliwezi kuwemo. Nilikuwa na miaka minane, karatasi imeshaandikwa. Tulikutwa na theluji tukimtafuta jike la kondoo, soksi yangu ikabaki kwenye matope ya barafu. Mama akanibeba hadi nyumbani, mguu wangu ameutia kwapani mwake. Ndipo tukapaita hivyo, mimi na yeye."

Kwa lugha yao ni Sokkalág. Álfrún aliandika jina kwenye daftari. Hadithi aliiachia simu, na simu siku ile ilinasa upepo tu.

Tasnifu ilitoka Juni. Oddgeir, kaka yake Steinvör na baba wa Álfrún, alifanya sherehe nyumbani kwake. Steinvör alifika alfajiri akapika chapati za maji mia moja na ishirini, akazikunja na sukari, akapanga kwenye sinia nyama ya kondoo ya moshi. Tasnifu yenyewe ilikuwa kwenye meza ya pembeni, karibu na maua. Alinawa mikono, akaikausha vizuri kwa aproni, akaifungua tasnifu mwishoni.

Kule watu hupangwa kwenye orodha kwa jina la kwanza. Alianza B, akamkuta Bergur, baba yake, msimulizi. Akashuka hadi H. Hjörleifur, mkulima na mwenye ardhi, mazungumzo na mwandishi. Akashuka kwa kidole, polepole, hadi S. Sigurgeir, mpima ardhi aliyekufa zamani. Chini yake Svavar. Kidole kikarudi juu, kikashuka tena. Kati ya Sigurgeir na Svavar palikuwa na nafasi nyembamba nyeupe tu.

"Umeniona humo?" Hjörleifur alikuwa nyuma yake, glasi mkononi, uso umewiva kwa furaha. "Nimekuwa msomi, Steinvör! Mtu mzima hivi!"

"Ulimwambia nini?"

"Nilimpa kahawa na nusu saa. Si haba."

Alifungua ukurasa wa arobaini na moja, na hapo lilikuwepo. Bonde la Soksi. Asili haijulikani vizuri. Kwa mujibu wa Hjörleifur, huenda wanaume wa kale walifulia soksi zao hapo.

"Hapo hapana maji," Steinvör alisema.

"Ee?"

"Wanaume wa kale walifulia nini, theluji? Hjörleifur, ulikuwa hulijui jina hili."

"Aliniuliza, nikakisia. Nimkatalie mtoto?"

Alimkuta Álfrún kwenye chumba cha kufulia akitafuta kitambaa cha meza, amevaa vazi la kitaifa la bibi yake, lile lenye vifungo vya fedha.

"Mimi niko wapi?"

Álfrún hakuuliza anazungumzia nini. Aliufunga mlango.

"Shangazi, nisikilize. Kuna fomu ya ridhaa, lazima isainiwe na msimulizi. Nilisahau kukupa. Mwalimu akasema mahojiano yasiyo na fomu yatolewe yote. Nilibakiwa na siku nne."

"Mbona hukunipigia?"

"Nilipiga. Ilikuwa Mei, uko kwenye kuzalisha, hukupokea."

"Mkono wangu ulikuwa ndani ya kondoo. Ulipiga mara ngapi?"

Álfrún aligeukia rafu ya vitambaa.

"Mara ngapi, Álfrún?"

"Mara moja."

"Na mahojiano uliyatoa?"

"Nilitoa... nilitoa alama za nukuu. Na jina. Bila majina yale tasnifu ilikuwa kurasa ishirini, shangazi! Ya karatasini nikayapa babu, yaliyobaki nikamwuliza Hjörleifur ili yawe na chanzo. Yeye alisaini palepale."

"Kwa hiyo maneno yangu yalifaa, mimi ndiye sikufaa."

"Usiseme hivyo. Maneno mengine ni ya watu wote, hayana mwenyewe."

"Soksi ilikuwa ya nani?"

Oddgeir akagonga mlango. "Jamani, hotuba! Steinvör, leo ni siku ya mtoto, usiiharibu. Yako yatazungumzwa."

Hayajazungumzwa. Alirudi jikoni akaosha vyombo, kwa kuwa vilikuwa vichafu na hakuna mwingine aliyesogea.

Wiki iliyofuata alimpigia simu Ketill, mwalimu aliyeisimamia tasnifu. Alijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Alikuwa ameandika neno moja moja kwenye bahasha ya bili ya umeme ili asisahau. Ketill alikuwa mpole.

"Nakuelewa, Steinvör. Lakini majina ya mahali hujulikana na wengi. Unawezaje kujua limetoka kwako?"

"Fungua ukurasa wa arobaini na moja."

Alimweleza habari ya soksi. Karatasi ya zamani hailijui jina hilo, Hjörleifur alikiri mbele ya chapati kwamba alikisia, na mtu mwingine pekee aliyelijua amelala makaburini tangu mwaka elfu mbili na tisa. Steinvör alisikia kurasa zikifunuliwa upande wa pili.

"Nitamwuliza," Ketill alisema.

Alimwuliza, na Álfrún, hilo aandikiwe, hakukana. Ketill akampigia Steinvör mwenyewe.

"Ni wizi wa maandishi, sina jina jingine la kuupa. Nikilipeleka jambo hili kwenye kamati huenda akanyang'anywa shahada. Njia ya pili ni yeye mwenyewe aandike karatasi ya masahihisho, nasi tunaiambatisha kwenye nakala zote. Wewe unataka ipi?"

Steinvör alitazama nje. Alimkumbuka mtoto yule akiwa na miaka mitano, amelala kwenye majani makavu ya zizi lake, mikono miwili shingoni mwa mwanakondoo.

"Sitaki anyang'anywe. Nataka mstari mmoja. Chini ya S. Na mama yangu atajwe juu yangu, kwa kuwa ndiye aliyenipa."

"Una moyo mzuri," Ketill alisema, na Steinvör alisikia kwenye sauti yake jinsi alivyopumua kwa nafuu.

Hapo ndipo Steinvör alipokosea. Tangu habari ya kamati ilipoondoka mezani, haraka nayo iliondoka. Álfrún alijibu kwamba ataandika baada ya likizo, kisha baada ya kuhamia kwenye kazi mpya. Kazi yenyewe ni ya ofisi ya njia za watalii, na aliipata kwa tasnifu hiyohiyo. Barua ya pili ya Steinvör, iliyoandikwa kwa jioni tatu, Ketill aliijibu kwa mstari mmoja: amemkumbusha.

Mei ya mwaka uliofuata Steinvör alipanda kwenda kuzalisha, akakuta nguzo mpya za mbao kando ya njia. Mbele ya kijibonde kuna kibao kilichochongwa kwa herufi nzuri nyeupe. Sokkalág, mahali wanaume wa kale walipofulia soksi. Chini yake, kwa herufi ndogo: Msimulizi, Hjörleifur. Mwandishi, Álfrún Oddgeirsdóttir. Mistari miwili, kama desturi inavyotaka. Watalii wawili walikuwa wakipiga picha, na mmoja akauliza kwa ishara kijito kiko wapi.

"Hakuna kijito," Steinvör aliwaambia kwa lugha yake. Wakatabasamu, wakamshukuru.

Sasa hupita hapo mara mbili kwa siku muda wote wa kuzalisha. Deni ni lilelile, wala halijapungua. Álfrún bado anadaiwa karatasi ya masahihisho aliyoiahidi, yenye jina la Geirlaug, na la Steinvör kati ya Sigurgeir na Svavar. Ketill anadaiwa kuiambatisha, na kuacha kukumbusha watu kwa upole. Na Hjörleifur, ambaye kila asubuhi humwuliza zizini ni wangapi wamezaliwa, anadaiwa bisibisi na dakika kumi za kukishusha kibao kile.