Usumbufu Mdogo

Yule anayekaa ofisini akaandika jumbe za kampuni ya simu, natamani siku moja nikutane naye ana kwa ana. Ujumbe wetu ulikuja asubuhi moja nikichuna chai shambani kwangu, juu kidogo ya soko la Ikonge. Mpendwa mteja, tunaboresha mtandao katika eneo lako ili tukupe huduma bora zaidi. Kwa siku chache huenda ukapata usumbufu mdogo. Mpendwa! Mtu hajui hata mlango wangu unaangalia wapi, ananiita mpendwa. Jioni hiyo mtandao ukaenda, na zile siku chache zikala mwezi mzima, zikaingia wa pili.

Kila mtu kijijini alilalamika, na kila mtu alikuwa na haki yake. Lakini mimi nilikuwa nasubiri simu moja, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikinitoa usingizi. Nilikuwa nimepata uvimbe kwenye titi, mdogo, mgumu kama punje ya hindi lililokauka. Katika hospitali moja mjini Kisii walikata kinyama kidogo wakakipeleka maabara. Muuguzi wa dirishani akaniambia, "Mama, enda nyumbani utulie. Kukiwa na shida tutakupigia. Ukiona kimya, jua uko salama."

Nilitoka pale moyo umepoa kidogo. Kimya, nani atashindwa kukingoja? Basi wiki hiyohiyo wataalamu wa kampuni wakaja na pikapu yao, wakapanda mlima, wakafungua vyombo vya zamani kwenye mnara wa simu, ule tunaouita busta, wakavipakia wakaondoka navyo. Vipya havikuletwa. Nikabaki na kimya ambacho sikujua ni cha nani. Kama ni cha hospitali, niko mzima. Kama ni cha kampuni, naoza huku nikijiambia niko mzima. Haki ya Mungu, sijawahi kuchukia kitu kama nilivyokichukia kile kimya.

Mtu mmoja tu alijua habari ya uvimbe, mume wangu, naye anaendesha lori Nakuru. Sikumwambia mwingine. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na shuleni neno moja likitoka mdomoni asubuhi, saa nne liko sokoni likiwa limevaa nguo nyingine.

Nilienda Nyamira, kwa duka la kampuni. Msichana wa kaunta, kucha zake ndefu ajabu, akaitazama simu yangu akaniambia ni ya zamani, ninunue inayoendana na mtandao mpya. Mtandao mpya upi? Ule ambao haujafika? Akanielekeza nipige huduma kwa wateja. Nikasimama hapo nje, nikapiga. Bonyeza hii, bonyeza ile, halafu wimbo, tena wimbo wa furaha, mpaka akaja kijana mwenye sauti laini kama amelambishwa asali.

"Mama, umejaribu kuzima simu na kuiwasha?"

"Kijana, busta mmezima nyinyi. Mimi nizime nini?"

"Pole sana kwa usumbufu, mama. Kuna jambo lingine ningekusaidia nalo?"

"Lingine! Kwani la kwanza umenisaidia?"

Akanishukuru kwa kupiga simu. Nilitamani kuitupa ile simu kwenye mtaro, kilichonizuia ni kwamba hospitali ilikuwa na nambari hiyo peke yake.

Nikasema basi, nambari ya hospitali sina, lakini miguu ninayo. Nikaenda Kisii, nikapanga foleni mpaka dirishani. Muuguzi alikuwa mwingine, na hakuinua hata macho. "Ulipigiwa?" Nikasema sikupigiwa. "Kama hukupigiwa hakuna shida. Anayefuata!" Nikamwambia kwetu mtandao haushiki, labda walipiga wakanikosa, atazame tu. "Mama, mambo ya laini uliza wenye laini." Nyuma yangu watu wakaanza kunung'unika, mmoja ananisukuma na begi. Nikaondoka na machozi ya hasira, yale yanayochoma, na nikapita katikati ya mji wa Kisii nikijisemesha peke yangu na watu wakinipisha njia.

Huko kijijini, hata hivyo, palikuwa na mahali pamoja ambapo mtandao ulishika. Unajua palikuwa wapi? Nyumbani kwa baba mkwe wangu. Boma lake liko juu ya langu, tunatenganishwa na ua, na pale kando ya tangi lake la maji kulikuwa na upepo fulani wa mtandao uliotoka sijui busta ya upande gani. Kuna ukuta mfupi wa mawe pale. Habari zikaenea, na kila asubuhi wanaume wakawa wanakuja kupanga simu zao juu ya ule ukuta. Baba mkwe akageuka mlinzi wa simu. Anakaa kwenye kigoda chake, simu ikilia anaitazama, halafu anaita kwa sauti, "Yako hii, ya kifuniko chekundu! Kimbia!" Nao wanatoka mashambani mbio, wanaipokea wakiwa wamesimama palepale, maana ukisogea hatua moja inakata. Mambo yote ya kijiji yakawa yanasemwa juu ya ule ukuta. Nani amekosana na mkewe, ng'ombe wa nani hazai, mtoto wa nani amefukuzwa chuo.

Sasa mimi ningefanyaje? Kwetu Kisii na Nyamira, mke wa mtu na baba mkwe wake wana mpaka wao. Hamshikani mikono. Hamkai benchi moja. Hamtazamani machoni mkaendelea kutazamana, na mambo ya mwili hayatajwi, hata kwa mafumbo. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na siyo mchezo. Zamani maneno kati yangu na yule mzee yalipitia kwa mama mkwe, nikitaka kusema kitu namwambia mama, mama anamwambia. Lakini mama alikuwa ametutoka, na tangu tumzike mimi na mzee tulikuwa tunasalimiana kwa mbali, kila mtu ameinamisha kichwa, basi.

Kuiacha simu yangu kwenye ule ukuta sikuweza. Je, ikilia aipokee yeye? Je, muuguzi aanze kumsomea majibu yangu? Bahati shule zilikuwa zimefungwa. Nikawa kila siku nachuna chai kwenye mistari ya juu kabisa, ile inayopakana na boma lake, simu iko kwenye mfuko wa aproni, mara inashika mara inaacha. Ile mistari niliichuna mpaka ikabaki vijiti. Karani wa kituo cha chai akanitania, "Mwalimu, leo umeleta majani ama umeleta miti?" Nikamwambia apime anyamaze.

Ndipo ikalia. Ilikuwa mchana, jua kali. Nikaona nambari ya Kisii, nikaipokea, ikakwaruza, ikakata. Ikalia tena. Nikaruka ua. Mimi, mke wa mtu, mwalimu, niliinua sketi nikaruka ua wa baba mkwe wangu na kikapu cha chai mgongoni, nikakimbia mpaka kwenye tangi. Wanaume kadhaa walikuwa pale na simu zao masikioni. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kigoda, anaongea na mtu kwa simu juu ya ndama. Nikajibanza nyuma ya tangi, nikawapa mgongo.

"Ndiyo, ni mimi," nikasema kwa sauti ya chini.

Muuguzi alikuwa yule wa kwanza, nilimtambua. Hakuwa Mgusii kama sisi, tuliongea Kiswahili. "Mama, hapa nina wagonjwa wawili majina yenu yamefanana. Kabla sijasema chochote lazima nijue ni wewe. Ulikatwa kipimo sehemu gani?"

"Kifuani," nikanong'ona.

"Wapi? Sikusikii."

"Kifuani."

"Kifua ni kifua cha kukohoa ama ni nini? Ongea, mama, sauti inakatika."

Nikainama nikafunika mdomo kwa mkono. Nikasema ile sehemu ya mama. Nikasema kule kwa kunyonyesha. Yeye anasema hallo, hallo. Mtandao unameza maneno yangu unamtemea vipande. Ningekuwa na bahati mzee asingejua Kiswahili, lakini alifanya kazi miaka mingi Kericho kwenye mashamba makubwa ya chai, Kiswahili chake kinapita cha walimu wengine ninaowajua.

"Mama, hallo? Kama husemi nakata, nina watu wengi hapa."

Nakata! Baada ya kuningojesha hivyo vyote! Hasira ikapanda kutoka miguuni. Ya yule msichana wa kucha, ya yule kijana wa asali, ya yule wa dirishani, ya yule mwandishi wa mpendwa mteja, yote ikapanda pamoja, na sauti ninayoitumia kunyamazisha darasa zima ikatoka yenyewe.

"Titi! Ni titi! Titi langu la kushoto!"

Wanaume wote wakageuka. Hata kuku, nakwambia, waligeuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasikia kigoda kikisogezwa nyuma yangu. Mzee alisimama, akaiweka simu yake juu ya ukuta, yule mtu wa ndama bado anasema hallo, hallo ndani yake. Akawaambia wale wanaume kwa Kigusii, bila kupandisha sauti, "Tokeni. Tumwachie mtoto mtandao." Wakatoka wote, naye akatoka nyuma yao, akavuta lango.

Nikabaki peke yangu, na mtandao ukashika vizuri kabisa, shenzi ule.

"Mama," muuguzi akasema, "tumekutafuta sana. Daktari alitaka umwone kitambo. Tulikuwa tumekuwekea nafasi ya upasuaji, hukupatikana, tukampa mtu mwingine. Njoo kesho. Na uje na mtu."

Ukiambiwa uje na mtu, umeshaambiwa. Nikampigia mume wangu palepale kando ya lile tangi.

Mume wangu alikuja tukaenda pamoja. Nafasi nyingine haikupatikana upesi, nikangojeshwa tena. Daktari alieleza kwamba mwanzoni walipanga kutoa ule uvimbe peke yake, lakini sasa umekua, itabidi titi lote liende. Hakusema ni kwa ajili ya simu. Ni mtu mwenye adabu zake, alisema ugonjwa una mambo yake. Mimi ndiye nasema. Nasema na nitarudia kusema mpaka nichoke, na sijachoka. Walipokuwa wakininyoosha kwenye kitanda cha upasuaji nilikuwa nafikiria maneno mawili tu, usumbufu mdogo, na nilitamani yule aliyeyaandika awe amesimama pale kando aone wanachokata.

Niliporudi nyumbani nimefungwa bendeji mpaka kwapani, mtandao ulikuwa umerudi. Busta mpya inang'aa mlimani. Simu ikapokea jumbe zote zilizokuwa zimekwama, na wa kwanza ulinishukuru kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu upi? Nani aliwaambia nilivumilia? Mwingine ukaniuliza kama ningeusifu mtandao wao kwa rafiki, nijibu kwa nambari. Niliandika jibu refu sana, halikuwa nambari, na mengine humo siwezi kuyarudia maana mimi ni mtu wa kanisani. Likarudi limekataliwa. Jibu lako si sahihi, wakaniambia, tafadhali jaribu tena.

Siku hiyohiyo jioni, kabla jua halijazama, simu ikalia. Nambari siijui. Nikaipokea kwa ukali, nikidhani ni wao.

"Ni mimi," sauti ikasema. "Baba yenu."

Nilisimama. Tangu niolewe hakuwahi kunipigia simu. Nikachungulia dirishani, nikamwona kule juu, amesimama kando ya tangi, simu iko sikioni, na amenipa mgongo. Aligeukia upande wa mlima makusudi, asije akaonekana anatazama nyumba yangu. Akaniuliza nimeshindaje. Nikamwambia salama, baba. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema, "Haya," akakata.

Akawa anafanya hivyo kila jioni. Anasimama palepale, ananigeuzia mgongo, anapiga. Mambo yale hayatajwi, anazunguka tu, anauliza kama nimelala vizuri, kama mkono unainuka, kama ile dawa ni chungu. Nami najibu nikiwa nimeinamisha kichwa ndani ya nyumba yangu, ingawa hanioni.

Halafu kuna jioni moja, amesema tu "na kile kidonda", mtandao ukakata. Na busta yao mpya! Nikamwona anaitoa simu sikioni, anaitazama, anaitikisa, anairudisha. Hallo, hallo. Akajaribu tena, wapi. Nilijua ataingia ndani, tutaongea kesho.

Hakuingia. Aligeuka. Aligeuka mzima mzima akautazama mlango wangu, mzee wa kanisa, baba wa mume wangu, akaweka mikono mdomoni akapaaza sauti kupita ua, kupita chai, nadhani hata barabarani walisikia.

"Bado linauma?"

Nilitoka nje nikasimama mlangoni, nikainua uso nikamtazama, nikamjibu kwa sauti yangu yote.

"Halipo, baba! Lakini linauma!"