Baruti ya Haraka na Baruti ya Polepole

Mi bunduki nilikuwa naichukia. Sisi watu wa Fizi, huko Kongo, tulizisikia kabla ya kuziona, na siku tulipoziona tulikuwa tumeshaanza kukimbia, njo nikafika mpaka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, huku Malawi. Kwa hiyo bantu banashangaa nikisema kwamba mtu niliyemheshimu kuliko wote katika nchi hii, nilimkuta mezani akijaza risasi.

Alikuwa mzee wa Kimalawi, mwindaji mstaafu, akikaa upande wa Mitundu, nje ya Lilongwe. Ujana wake wote aliumalizia Tanzania akiongoza wawindaji porini, hivyo Kiswahili alikuwa nacho, tena kile kilichonyooka, na changu cha Kongo, cha kusema njo badala ya ndipo, kilimchekesha. Mi nilimwita Bambo, kama wenyeji wanavyomwita baba. Yeye aliniita Mkongo. Nilimfanyia kazi ya bustani na usafi, Jumatatu mpaka Jumamosi mchana, kisha narudi Dzaleka kwa mke wangu. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kidogo, wenye simu walikuwa wachache, na mi sikuwa mmoja wao. Shule nayo niliacha darasa la tatu, mnivumilie nikipotea njia.

Bastola yake ilikuwa kubwa, ile yenye kipipa cha matundu sita kinachozunguka. Ukiishika, mkono unashuka wenyewe. Vibali vyake alivitia fremu akavitundika ukutani karibu na picha ya harusi, na polisi wakija kukagua anawapa chai. Ilikuwa ya siku mbaya, alisema: nyati amejeruhiwa, amejificha kwenye nyasi ndefu, anakuja, na bunduki ndefu huna tena nafasi ya kuigeuza. Risasi za kipimo kile madukani hazikuwapo. Njo akawa anajaza mwenyewe yale maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa.

Nilidhani ni kazi ya fujo. Weh! Kwanza meza inapanguswa. Dirisha linafunguliwa. Kiko chake anakiacha nje kwenye ukingo wa baraza, na redio anaizima hata kama ni habari za mpira. Baruti alikuwa nayo ya aina mbili, kila moja na mkebe wake, na mezani ulikaa mkebe mmoja tu, mwingine unafungiwa kabatini. Siku moja nikamuuliza zinatofautiana nini. Akanimwagia punje chache kwenye sahani, na za aina ya pili kwenye sahani nyingine. Za kwanza zilikuwa bapa, kama vumbi la majani ya chai. Za pili za mviringo, kama ulezi. Zote rangi ni ileile ya mkaa.

"Hii ya chai ni ya haraka," akasema. "Inawaka yote kwa pigo moja. Nzuri kwa risasi nyepesi, ya kujifunzia shabaha. Hii ya ulezi ni ya polepole."

"Polepole, na iko baruti?"

"Polepole kwake, Mkongo, si kama polepole yako na jembe. Hii inasukuma, haipigi. Umeshasukuma gari lililokwama? Unalisukuma mpaka linatoka. Ukilipiga teke, kinachovunjika ni mguu."

Risasi nzito ya nyati ilitaka hiyo ya kusukuma. Akiweka ya haraka kwa kipimo cha ile ya polepole, alisema, bastola inafunguka kama ua, na mkono wa mwenyewe ndani yake.

Halafu kuna fataki. Ni kile kikofia kidogo kwenye kitako cha ganda, nyundo ya bastola inakigonga, kinatoa cheche, baruti inaamka. Baruti ya polepole ina usingizi mzito, inataka fataki yenye moto mrefu. Ya haraka inatosheka na fataki ya kawaida. Hilo nililielewa upesi kwa sababu nyumbani kwetu tulikuwa hivyohivyo, mi naamka kwa kuitwa, ndugu yangu mpaka maji. Mzee alichagua fataki kama mama yangu alivyochagua mbegu ya maharage. Anaigeuza kwenye mwanga, anaitazama, yenye doa anaitenga. Akila samaki ananawa kwa sabuni mara mbili, maana mafuta ya kidole, alisema, yanaua fataki. Mara moja huko Tanzania alivuta kifyatulio akasikia "ta" peke yake.

"Na nyati?"

"Hatua kumi."

"Ukafanya nini, Bambo?"

"Nilipanda mti. Mpaka leo sijui mti ule ulinipandisha vipi, miiba mitupu."

Sasa nifike kwenye kosa langu. Rafiki zake wa zamani walikuwa wamepata kibali cha kuwinda nyati, wakamwalika. Alikuwa ameingoja safari hiyo miaka. Jumamosi moja alitoa mkebe wa pili kabatini alinganishe kitu, akaitwa getini na mgeni wa kanisa, akakawia. Mi nikaingia na ufagio. Mezani mikebe miwili, mmoja karibu ujae, mwingine umebaki kidogo chini.

Dzaleka mkebe wenye kifuniko kinachobana ni mali. Bamama banapimia unga na maharage sokoni, na mvua ikija unatunza chumvi. Kwetu hakuna mtu anayeacha vitu viwili vya aina moja kwenye vyombo viwili. Sukari, mafuta, chochote, ukiona nusu na nusu unamimina pamoja, chombo kimoja kinapona. Mkono unafanya wenyewe, yale ya chai na ulezi kichwa kimeshasahau. Basi nikamimina ile kidogo kwenye ule mwingine, nikatikisa vizuri, nikafunga. Mkebe mtupu nikautia mfukoni. Mikebe mitupu alinipa siku zote. Nikaenda nyumbani nikijiona mfanyakazi.

Mke wangu alifurahi, akaunusa. "Kulikuwa nini humu?"

"Baruti."

"Na baruti iko wapi?"

"Nimeimwaga kwa ingine."

Akauweka chini. Mstari wetu wa nyumba kulikuwa na mama aliyewasha taa kwa mafuta ambayo muuzaji alichanganya na petroli. Mke wangu njo alikuwa anamwosha vidonda vya uso.

"We baba, umefanya kama yule wa mafuta."

"Ee mama, zote si ni baruti?"

"Na petroli na mafuta ya taa, zote si ni mafuta?"

Bugali nikauacha. Magari ya usiku yalikuwa yamekwisha. Alfajiri nikapanda gari la kwanza na ule mkebe mkononi, na kutoka barabarani nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, nikamhimiza kijana wa watu mpaka akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado.

Mzee hata kanisani hakwenda siku hiyo, kwa hamu ya safari. Nilimkuta nyuma ya nyumba, miwani machoni, ameinua bastola akilenga kichuguu.

"Bambo! Weka chini! Weka chini!"

Hakuuliza. Aliishusha, akafungua kipipa, akamwaga risasi sita kiganjani. Ndipo akasema, "Eleza."

Nikaeleza yote. Akautazama mkebe.

"Na ukatikisa?"

"Nikatikisa vizuri."

Akakaa chini palepale kwenye nyasi. "Vizuri," akarudia. "Mkongo, wewe hata kuharibu unaharibu kwa usafi."

"Nifukuze, Bambo."

"Nikikufukuza, hizi nitazifungua na nani?"

Alikuwa ameshajaza thelathini na zaidi, usiku kwa taa, akidhani mkebe wa pili nimeurudisha kabatini. Tulishinda mpaka mchana, yeye akizifungua moja moja, mi nimeshika sinia. Nilimwambia tuichunge kwa chekeche, punje si zinatofautiana? Akauliza, "Ukimaliza kuchunga, ya kwanza utapiga kwa mkono wako?" Nikautazama mkono wangu, nikarudi kushika sinia. Baruti yote akaitawanya nyembamba kwenye nyasi, akaimwagia maji. Kupata nyingine ilikuwa mpaka kibali kipya, kungoja miezi.

Rafiki yake mmoja akapiga simu kabla hatujala, na mzee akamwambia haendi tena. Sauti ya huyo rafiki ilisikika mpaka kwangu. "Mzee umeogopa nyati!"

"Nimeogopa baruti yangu. Niliacha mikebe miwili mezani, zikachanganyika."

Zikachanganyika! Kama vile zilitembea zenyewe. Mi nimesimama pale na sinia, wala hakunitupia jicho.

"Njoo tu, tutakuazima bunduki."

"Miguu hii haikimbii tena. Bila ile bastola ya kiunoni mimi ni mzigo kwenu. Nendeni."

Wakaenda. Mwaka uliofuata magoti yalimkataa, na nyati hakumwona tena. Nilikaa kwake miaka mingine mingi. Alinitukana kwa kuchelewa, kwa kuacha geti wazi, kwa Kiswahili changu mbele ya wageni. Kwa ile Jumapili hakunitukana hata mara moja, hata kwa mzaha.