Kompyuta ya Marehemu Dokta Mwanaidi

Wanaotaka kucheka wacheke sasa hivi, wamalize, ndipo wanisikilize. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, si mtu wa kuona mashetani kila kichochoro. Lakini hili lilinitokea mchana kweupe, ndani ya ofisi ya chuo kikuu hapa Tanga, mwanangu akiwa mgongoni.

Mimi ni mhudumu wa ofisi. Nafagia, nachemsha chai, na jioni nazima kila swichi ya ukutani, maana ndiyo amri: umeme usipotee. Nilipojifungua Zuhura na kurudi kazini, wote walinuna mtoto akilia, isipokuwa Dokta Mwanaidi, mwalimu wa Kiswahili. Alinifungulia ofisi yake. "Kaa humu unyonyeshe. Anayekereka akazibe masikio."

Miaka mingi Dokta alizunguka vijijini akirekodi wazee wanaosema Kimtang'ata, lahaja ya pwani yetu. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Mama alifariki nikiwa na mimba ya miezi sita, na simu yangu iliyokuwa na sauti yake ikaibwa sokoni. Kwa hiyo sauti ya mama yangu ilibaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta ya Dokta.

Dokta akaugua. Alipolazwa aliniachia agizo moja, kila asubuhi niiwashe kompyuta yake. Nikawa naiwasha asubuhi kama alivyoagiza yeye, naizima jioni kama kilivyoagiza chuo. Alhamisi alfajiri akafariki. Ijumaa asubuhi idara nzima ikapanda basi kwenda kumzika kwao Mkwaja. Na mimi je? "Wewe una mtoto mchanga, baki uangalie ofisi." Watu waliokuwa hata hawamsalimii walipata kiti! Nilikasirika mpaka nikahisi maziwa yananikaukia.

Kabla hajapanda basi, Kaka Elibariki, fundi wa kompyuta, akaniambia Jumatatu ataifuta mashine ya Dokta ili apewe mwalimu mwingine.

"Na sauti za wazee?"

"Dada, tulia. Kuna programu inanakili kila kitu mtandaoni. Ziko kwenye wingu."

"Umeangalia?"

"Programu inafanya yenyewe. Wewe angalia chai."

Saa nane mchana jengo lilikuwa kimya, hata waliobaki hawajarudi kutoka kuswali Ijumaa. Nikafungua ofisi ya Dokta nikalie humo. Nikamkuta ameketi mbele ya kompyuta.

Niamini, neno la kwanza lililonitoka ni, "Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu."

Ndipo nikakumbuka kwamba amekufa.

Kukimbia nilitaka, nikajikuta nimeushika mlango. Alivaa leso zake za kijani, miwani ameisukuma juu ya paji. Alinukia karafuu maiti. Na kiti kile, kinacholia hata akikikalia paka, hakikulia.

"Njoo uone," akasema.

Kwenye kioo palikuwa na maandishi mekundu: haijakamilika. Akanieleza polepole, kama alivyozoea. Sauti ni faili nzito. Mchana zinapanda kidogo, jioni zinakatika, na iliyokatika kesho yake inaanza upya. Hazijawahi kufika.

"Kwa nini zinakatika?"

Akaitazama swichi ya ukutani, kisha akanitazama mimi. Umeshaelewa, sivyo? Ni mimi! Kwa mkono wangu mwenyewe, kila jioni, nilikuwa namkata mama yangu.

"Nisamehe, Dokta."

"Nani alikwambia kwamba haitakiwi kuzimwa?"

"Hakuna."

"Basi huna kosa. Usiizime mpaka iandike kijani." Akaandika neno lake la siri, mstari chini ya yale maandishi ukaanza kusogea. Halafu akanyoosha mikono. "Nipe Zuhura nimpakate kidogo."

Nikamnyima. Nilimzungusha mtoto kutoka mgongoni nikamkumbatia kwa nguvu hadi akalia. Yeye akatabasamu tu. "Una haki. Mama ndivyo anavyotakiwa kuwa."

Niliinama kumbembeleza mtoto. Nilipoinua uso, kiti kilikuwa kitupu na mstari unasogea.

Jioni akaja Mzee Mhina, mlinzi. "Binti, zima hiyo. Mimi sitaki barua ya onyo."

"Shikamoo, mzee wangu. Ukigusa swichi hii nakung'ata."

"Makubwa! Umekunywa nini leo?"

"Chai ya chuo. Sizimi."

"Na moto ukitokea?"

"Nitaungua nayo."

Akaondoka akinung'unika. Baada ya magharibi akarudi na bakuli la mihogo ya nazi, akaliweka mlangoni, akaenda zake. Nililala pale na mwanangu siku mbili. Jumapili alasiri ikaandika kijani.

Jumatatu Elibariki akaja kuifuta. Kwanza alikutana na maneno niliyomwekea tangu Ijumaa, mengine hayaandikiki. Akafungua kumbukumbu za programu ili anionyeshe kwamba najisumbua bure. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Dada, nani kakupa neno la siri la Dokta?"

"Hakuna."

"Mtu ameingia Ijumaa, saa nane na dakika kumi." Akaketi chini sakafuni. "Saa hiyo tulikuwa tunamshusha kaburini."

Hajanicheka tangu siku hiyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniwekea sauti ya mama kwenye simu. Mama anaeleza jinsi ya kukuna nazi, mara simu inaita. "Subiri, Dokta, mwanangu huyo. Haloo, mama. Umekula?" Kimya kidogo. "Kakata. Ana haraka zake." Anacheka, anaendelea na nazi. Aliyekata ni mimi.

Zuhura sasa anatembea, na usiku halali bila kumsikia bibi yake. Mimi kuna siku naamka mikono inaniuma, kama mtu aliyeng'ang'ania kitu alichoombwa kwa wema. Najua nilimnyima nani.

Na wewe unayesoma, usije ukaniambia sauti za wazee wako ziko salama kwa sababu fundi kasema. Nenda leo, zifungue, zisikilize mpaka mwisho. Dokta wangu alitoka kwenye maziko yake kuja kuangalia. Wako huenda asipewe ruhusa.