Baba Kwenye Kiti cha Kinyozi
Kinyozi huyu hupasha viganja joto kabla ya kumgusa mtu kichwa, na zamani akinyoa aliongea kwa sauti ya chini, kama anayebembeleza mtoto. Tangu mtaa ujue kwamba rafiki anayeishi naye, mwanamume mwenzake, ni mpenzi wake, haongei tena, na mikono anaiosha waziwazi, mbele ya wateja wachache waliobaki, wasije wakamwona najisi. Baba yake, mwalimu wa madrasa, hakuwa amekanyaga pale tangu maneno yaanze. Ijumaa asubuhi akaingia, akasalimu, akaketi kitini, akafumba macho na kuinua kidevu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndevu zimenizidi, mwanangu."

Kinyozi akafungua wembe mpya. Akapasha viganja joto, kisha akaanza kunyoa. Mteja mmoja akaguna, "Mwalimu, hata wewe unakuja hapa?"

Mzee hakufumbua macho. "Mwanangu yuko hapa. Niende wapi?"

Mteja akainamia simu yake. Wembe ulipofika kooni, mzee akanong'ona, "Mwenzio hajambo?"

Kinyozi akashusha pumzi iliyomkaa kifuani miezi mingi. "Hajambo, baba. Yuko nyumbani, anapika."

"Basi mwambie aongeze sahani moja."