Wali Uliofichwa Chini ya Mboga

Saa tano asubuhi, nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, watu wamepanga foleni na kila mmoja ameshika sahani yake. Kuna sahani za bati zenye maua yaliyofifia, kuna za plastiki, na kuna moja ya udongo ambayo mwenyewe ameifunga kwenye taulo kama kichanga. Mzee mmoja amekuja na bakuli analoweza kumwogeshea mjukuu wake.

"Baba, hiyo ndiyo sahani yako ya kila siku?" anauliza mwanamke mfupi mwenye koti jeupe.

"Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu."

"Unakula peke yako?"

"Kwani nile na nani?"

Foleni nzima inaangua kicheko, na mzee naye anacheka, ingawa anaonekana hajaelewa kosa lake liko wapi. Mwanamke huyo anamshika mkono, anampeleka hadi mezani, anamkabidhi upawa. "Haya, jipakulie. Mimi nitatazama tu."

Huyo ndiye mtaalamu wa lishe wa hospitali hii. Jina lake halisi limeandikwa kwenye mlango wa ofisi yake, lakini ukimuulizia kwa jina hilo hata mlinzi wa getini atakukodolea macho. Uliza Mama Sahani, utapelekwa mpaka mlangoni.

Kila Jumanne anatandika meza uani: sufuria ya wali, sufuria ya maharage, mboga za majani tele, mayai ya kuchemsha. Mgonjwa anajipakulia kwenye sahani aliyotoka nayo nyumbani, halafu wote wanaitazama pamoja. Mwandishi wa makala haya alijipakulia pia, akijiona mgeni wa heshima. Mama Sahani aliitazama sahani, akalitazama tumbo la mwandishi, akatikisa kichwa.

"Huo ni mlima," alisema. "Nani ataupanda?"

Ushauri wake hauna maneno mengi. Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe wali, au viazi, au chochote cha kushibisha. Robo iliyobaki iwe maharage, samaki, yai au kipande cha nyama. Tunda ulitafune, usiligeuze juisi ukalinywa kwa jagi. Usiruke kifungua kinywa halafu saa nane ukavamia chungu. Na dawa alizokupa daktari uzimeze, kwa sababu mboga haifukuzi dawa wala dawa haifukuzi mboga.

"Watu wanakuja hapa wakidhani nitawanyang'anya chakula," anasema huku akifunika sufuria. "Mwingine anaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Namwambia, tulia, hakuna chakula cha wagonjwa duniani. Kuna chakula. Hiki hiki unachokijua."

Yeye ni binti wa mpishi wa shule ya bweni. Alikulia jikoni, kati ya masufuria ambayo utotoni angeweza kujificha ndani yake. Alipokwenda chuoni kusomea lishe, shangazi yake alishika kiuno. "Miaka yote hiyo ya masomo, uje kuwaambia watu wale mchicha? Si ungeniuliza mimi bure?" Mpaka leo shangazi akimpigia simu huanza kwa kumuuliza kama mchicha bado upo.

Kazi si lelemama. Kwa wiki anaona wagonjwa zaidi ya mia moja, na mtaalamu wa lishe hospitalini hapo ni yeye tu. Maharage ya darasa la Jumanne hutoka jikoni kwake. Mumewe, dereva wa lori, humtania kwamba siku moja atarudi safarini akute hata sufuria zimelazwa wodini.

Lakini darasa hili la sahani halikuwepo miaka yote. Zamani Mama Sahani alikuwa na picha kubwa ukutani, imechorwa sahani safi iliyogawanywa vizuri, naye akiifundisha kwa kijiti. Aliyembadilisha ni fundi cherehani mmoja, na mke wa fundi huyo.

Fundi ana banda lake mkabala na ofisi ya posta. Anashona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga, ile ambayo mguu ukisimama na kazi imesimama. Msimu wa mvua uliopita alijikwaruza kidole gumba cha mguu wa kulia kwenye pedali. Kidonda kidogo tu, akakipuuza. Wiki zikapita, kidonda hakifungi. Alipofika hospitali aliambiwa ana kisukari, na kwamba sukari ikiwa juu hivyo kidonda hakitapona.

Akapewa dawa, akawa anasafishwa kidonda. Hali ikazidi kuwa mbaya. Siku moja daktari alimkalisha chini, akamwambia bila kuzunguka: kliniki ijayo sukari ikiwa haijashuka, kidole hicho kitaondolewa, na kisipowahiwa hata mguu unaweza kufuata.

"Nilitoka mle ndani nikakaa kwenye benchi la korido," anasimulia Fundi, mwanaume mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni hata akiwa hospitali. "Nilikuwa nimezoea kushona sare tano kwa siku, wakati ule nikimaliza moja nashukuru. Nikajiuliza, sasa na mguu ukiondoka? Nitawaambia nini watoto? Niliogopa, ndugu yangu. Sitaki kukudanganya, niliogopa sana."

Akapelekwa kwa Mama Sahani, yeye na mkewe. Mama Sahani akachukua kijiti, akaenda kwenye picha yake. Nusu mboga, robo wali, robo maharage. Mke aliitikia kila neno. Fundi aliitikia kila neno. Wakaondoka.

Waliporudi kwake baada ya wiki mbili, kabla ya siku ya kliniki, sukari ilikuwa pale pale.

"Nilimkasirikia," anakiri Mama Sahani. "Nikamwambia, Fundi, unaniibia wapi? Soda? Maandazi? Sema tu, sitakuchapa."

Fundi aliapa. Hanywi soda, hagusi maandazi, chai anakunywa kavu, bila sukari, mpaka mdomo umemkauka. Nesi wa pembeni akaguna, maana kiapo cha namna hiyo kila mgonjwa anacho. Fundi akainuka kwa hasira. Kidogo aachane na hospitali siku ile ile.

Mama Sahani akamfuata mpaka kwenye korido. "Kesho njoo na chakula chako cha mchana. Usibadilishe kitu. Uje nacho kama ulivyowekewa."

Kesho yake Fundi akafika na hotpoti yake ya kijani. Akaiweka mezani, akafungua kifuniko kwa madaha, kama wakili anayetoa ushahidi wake. Mboga za majani zilijaa kutoka ukingo hadi ukingo. Wali hauonekani hata punje.

"Nilianza kuona aibu," anasema Mama Sahani. "Nikasema moyoni, nimemsingizia mtu wa watu. Nikachukua kijiko ili nionje nimsifie mkewe. Kijiko kikagoma."

Kilikuwa kimekutana na wali. Wali ulioshindiliwa, uliojaa hotpoti, uliofunikwa na blanketi la mboga juu yake.

"Fundi, hiki nini?"

"Nusu," Fundi akajibu kwa kujiamini. "Juu mboga, chini wali. Si ndivyo ulivyosema?"

Nesi alilazimika kutoka nje ili acheke vizuri. Hata Fundi mwenyewe leo akisimulia hapa anajifuta machozi ya kicheko. Lakini siku ile Mama Sahani hakucheka. Kidole cha mtu kilikuwa kinasubiri kisu, na aliona kwamba aliyeshindilia wali ule hakuwa mjinga. Alikuwa na sababu.

Akamwita mke. Mwanamke huyo, mpole, anayepika akiimba, alikaa kitini akikunja na kukunjua pembe ya mtandio. Fundi akaitwa kwenda kusafishwa kidonda. Mlango ulipofungwa, akamwaga yote.

Fundi ana dada, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwao, na haipiti siku bila kuingia kumsalimia kaka yake. Huyo ndiye wifi. Fundi alipoanza kupungua, wifi alisimama katikati ya sebule akamshika kaka yake shati. "Kaka yangu alikuwa na kitambi chake, kila mtu akimwona anajua huyu ameoa. Sasa hebu tazama nguo inavyomning'inia. Hapa kuna mtu hapewi chakula." Maneno hayo alikwenda nayo mpaka dukani, mpaka kisimani. Wanawake wakaanza kumtazama mke wa Fundi kwa jicho la pembeni.

"Nilifanya nini kibaya?" mke anasema. "Nikiweka wali kidogo, wifi anachokonoa hotpoti kwa kijiko anasema namnyima. Nikiweka mwingi, mtaalamu anasema namuua. Nikaona bora niufiche. Juu nimtii mtaalamu, chini nimtii wifi. Nililia jikoni kila siku nikiushindilia."

Mama Sahani alikuwa amejiandaa kugomba. Badala yake akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Nilimfundisha habari za sahani," anasema. "Sikuwahi kumuuliza ni nani mwingine anayeitazama hiyo sahani."

Jumapili iliyofuata alivua koti jeupe, akavaa gauni la kawaida, akaenda kwa Fundi. Aliwakuta mezani, meza yenye kitambaa cha plastiki, na wifi ameshakaa kwenye kiti kikubwa kinachotazama mlango. Salamu zilikuwa ndefu, na za baridi.

"Wewe ndiye unayemlisha kaka yangu majani?" wifi akauliza.

"Ndiye mimi, dada yangu."

"Mtu mzima huyu. Ana familia. Unampimia chakula kama mtoto wa kuachishwa ziwa!"

Mama Sahani hakubishana. Alimgeukia Fundi, akamnyooshea upawa. "Jipakulie."

Tangu aoe, Fundi hakuwahi kujipakulia chakula nyumbani kwake. Mtu anayekata kitambaa cha suti bila mkono kutikisika aliushika upawa kama anashika pasi ya moto. Mke wake aliinuka amsaidie, Mama Sahani akamgusa bega, naye mke akakaa tena. Fundi akaweka mboga, nyingi. Akaweka maharage. Akaweka wali, kidogo, upande wake peke yake, mahali ambapo kila mtu aliuona. Halafu akaiinua sahani, akaiweka mbele ya dada yake.

"Dada, tazama vizuri. Hiki nimejipakulia mimi, kwa mkono wangu, na kuanzia leo nitakuwa najipakulia mimi. Kama ni kidogo, nigombeze mimi. Mke wangu muache. Amenitunza mpaka amechoka, na mguu wangu bado nautaka."

Mke alijifanya anatafuta chumvi, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Wifi hakusema samahani. Mtu anayemjua asingeitegemea. Aliitazama sahani, akamtazama kaka yake mguuni kwenye bandeji. "Haya, kula basi," alisema mwishowe. "Kitapoa." Tangu siku hiyo, habari za shati linaloning'inia hazijasikika tena, dukani wala kisimani.

Siku ya kliniki, Fundi na mkewe walikaa kwenye benchi la korido wameshikana mikono kama wachumba. Ndani, daktari alipima sukari. Ilikuwa imeshuka. Akafungua bandeji, akainama, akaminya pembeni ya kidole, akainama tena. Kidonda kilikuwa kimekauka, nyama mpya imeanza kufunga.

"Hiki kinabaki," daktari alisema.

Fundi alilia kwa sauti mle mle ndani, mbele ya daktari na wanafunzi wake, na haoni haya kulisema. Mama Sahani aliitwa kutoka ofisini, akaja mbio na ndala moja mguuni. "Nilijikaza," anasema, "lakini wapi!"

Wiki hiyo hiyo aliibandua picha ukutani na kuwaambia wagonjwa waje na sahani zao, na upawa washike wenyewe. Tangu hapo ameona mengi. Ameona baba mwenye nyumba asiyejua vijiko vinakaa wapi. Ameona mama aliyekuwa akiwagawia wote halafu yeye anakula ukoko. Na wagonjwa wanaorudi wakiwa na nafuu, anasema, wanaongezeka.

Sasa anataka kutoka nje ya ukuta wa hospitali. Uongozi umemruhusu kufanya darasa moja la mtaani kila mwezi, na la kwanza litakuwa Jumamosi ijayo, kwenye ukumbi mdogo karibu na posta. Hataanza na wagonjwa. Anawataka wanaowazunguka: mawifi, mama wakwe, wajomba, majirani wenye ndimi ndefu. "Hao ndio wanaoamua sahani ijae kiasi gani," anasema. "Nikiwapata hao, nusu ya kazi yangu imekwisha. Natamani siku moja kila mtaa uwe na mtu wake wa kufundisha, mimi nibaki kupika tu."

Mtu wa kwanza amekwishampata. Mke wa Fundi atasimama mbele ya watu na kusimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa akificha wali chini ya mboga. Mwandishi alimuuliza kama haogopi. Wifi si atasikia?

"Niliwahi kuogopa maneno yake kuliko kisu cha daktari," alijibu. "Ningempoteza mume wangu kwa kuogopa maneno. Sasa nimekwenda kwake mwenyewe, nimemgongea mlango, nimemwambia Jumamosi nitasema, na ninataka awepo, akae mbele."

Akasemaje?

Mwanamke huyo akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja.

"Amesema atakuja. Ila nimtafutie kiti chenye mgongo."