Mzunguko wa Hansaben

Siku ya kwanza kazini nilifundishwa kuhesabu vichwa. Ofisi ilikuwa juu ya duka la sari pale Queensbury, London, na Meneja wa Safari, Mhindi wa Kisumu mwenye sauti kavu, aliniambia hata sijavua koti: "Wageni wakikuona unasita, wameshapotea. Tangulia, na uhesabu vichwa kila pahala." Nikazoea. Mpaka leo nikiingia harusini midomo inacheza, nahesabu watu. Wajukuu wananicheka kwa Kiingereza.

Nilikuwa kiongozi wa msafara. Mwenyeji, yaani mtu wa mji wenyewe, ndiye anayeeleza historia. Kiongozi anaondoka na wageni London na kuwarudisha wazima. Wangu walikuwa wazee wa Kihindi wa Queensbury na Ilford, wengi wamezaliwa kwetu Afrika Mashariki, nikiwapeleka Patan, mji wa kale kule Nepal. Nyinyi vijana mkipata nafasi, nendeni. Hekalu la Krishna limejengwa kwa mawe matupu, na vita vya hadithi zao vimechongwa mle mle kwenye jiwe. Asiye Mhindu haingii, kwa hiyo mimi Zuhura, Muislamu wa Unguja, nilikaa nje na mfuko wa viatu, kila jozi nimeifunga kwa utepe. Hekalu la Dhahabu ni la Wabudha. Uani kobe wanajitembelea, na kitu cha ngozi hakishuki huko, hata mkanda wa saa. Hapo nilikuwa na ruhusa, lakini miaka yote, ila siku moja tu, nilibaki mlangoni na viatu vya watu.

Safari moja tulikuwa na Hansaben. "Ben" ndiyo dada kwa Kigujarati. Mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kama changu. Mumewe alikuwa amelazwa London, moyo unamsumbua, naye ndiye aliyemwambia nenda ukaniombee. Siku ya Hekalu la Dhahabu mwenyeji wetu alimpeleka mgeni mmoja duka la dawa, wageni wakabaki uani wenyewe, ikabidi niingie nikae nao.

"Nishike mkono, Zuhura," Hansaben akaniambia. "Goti hili haliaminiki. Nataka kulizunguka hekalu, nimwombee Mzee wangu."

Ningeuliza tunaanzia upande gani, ingekuwa basi. Lakini kiongozi hasiti. Nilikuwa nimetoka Umra mwaka ule ule, na miguu ikaenda ilivyozoea kwenye Alkaaba: nyumba ya ibada kushotoni. Wengine wakatufuata. Tukakutana uso kwa uso na bibi mmoja wa mji anayezungusha magurudumu ya sala, yale ya Wabudha yaliyopangwa ukutani. Akajibana ukutani, akatazama chini. Nikasema moyoni, bibi huyu ana adabu.

Mwenyeji alirudi tunamalizia, uso ukambadilika. Akanivuta kando. "Dada, hapa hekalu huwekwa kuliani. Kwa Wahindu, hivyo mlivyozunguka ndivyo wanavyozungukia maiti."

Nilitamani ardhi inimeze. Hansaben alikuwa amekaa anavaa viatu vyake, ametulia kabisa. Sikumwambia neno. Tulirudi London, na haukupita muda mumewe akafariki.

Nilikwenda kumpa pole nyumbani kwake, na safari hii nikasema. "Hansaben, nilikuzungusha kinyume. Nisamehe."

Akanishika mkono. "Nilijua tangu tunaanza. Sote tulijua."

"Mbona hukunambia?"

"Nilikuona midomo inacheza. Nikasema, Zuhura anamwombea mume wangu kwa Mungu wake, nitamkatiza vipi? Nilimhadithia Mzee hospitali. Alifurahi. Akasema basi nimeombewa pande zote."

Nilikuwa nahesabu vichwa.

Nikanywa chai yake. Aibu ya kukosea njia niliiweza. Hii ya kushukuriwa imenishinda.

Nimestaafu sasa. Ofisini bado wananiita niwafundishe viongozi wapya, nami nawaambia kinyume cha Meneja wangu: siteni. Ulizeni, hata mbele ya wageni. Wanadhani ni utu uzima.

Juzi Hansaben amenipigia simu. Safari hii ni moyo wake yeye, anapasuliwa. "Niombee," akasema, "kama ulivyomwombea Mzee."

Nikamwambia nitakuombea. Na namwombea kweli, kila baada ya sala, mikono juu na midomo inacheza. Kumwambia kwamba hii ndiyo mara ya kwanza, ulimi hauinuki.